Ligi ya Futiboli ya Kanada na Miji ya Marekani: Jaribio la 1993 hadi 1995

Ligi ya futiboli ya Kanada, CFL, ina timu tisa, na zote ziko ndani ya Kanada. Swali la kama ipeleke timu kusini mwa mpaka limekwisha kujaribiwa kwa vitendo. Kati ya 1993 na 1995 ligi hiyo iliweka timu katika miji saba ya Marekani: Sacramento, Las Vegas, Baltimore, Shreveport, San Antonio, Birmingham na Memphis. Msimu wa 1996 ulipoanza hapakuwa na hata moja iliyosalia huko. Anayetaka kujua kama hatua hiyo irudiwe hana budi kuanza na miaka hiyo mitatu.

Futiboli ya Kanada na ya Marekani zina asili moja, mpira uleule wa umbo la yai unaobebwa mikononi na kurushwa, lakini zimetofautiana kwa mambo mazito. Timu ya Kimarekani hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ya Kikanada hupewa matatu. Kanada huingiza wachezaji 12 kila upande, Marekani 11. Eneo la kuchezea la Kanada lina urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, na nyuma ya kila mstari wa goli kuna eneo la kufungia lenye kina cha yadi 20. La Marekani ni yadi 100 kwa 53 na ushei, na maeneo yake ya kufungia yana kina cha yadi 10 tu. Kwa hiyo timu ya Kanada haina nafasi ya kusukumana polepole katikati ya uwanja. Jaribio moja likipotea, hulazimika kurusha mpira mbali au kujiandaa kuupiga kwa mguu na kuukabidhi kwa wapinzani. Mchezo huwa wa kasi, wakimbiaji wepesi huthaminiwa, na uongozi wa pointi kumi dakika za mwisho haumpi mtu usingizi. Msimu nao huanza Juni na kumalizika Novemba, kabla baridi kali haijafunga viwanja, kwa fainali ya Kombe la Grey lililotolewa mwaka 1909 na Gavana Mkuu Earl Grey.

Kilichoisukuma ligi kuvuka mpaka ni ukata. Mwaka 1987 timu ya Montreal ilivunjwa msimu ukiwa umewadia, na fedha za televisheni zilizotoka kwa kampuni moja kubwa ya bia zilikuwa zimekwisha. Toronto ilijaribu njia ya umaarufu: mwaka 1991 ilinunuliwa na mfanyabiashara Bruce McNall, mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwigizaji John Candy, ikamchukua kijana Raghib Ismail kwa mkataba wa dola zaidi ya milioni 18 na kutwaa Kombe la Grey mwaka huohuo. Hata hivyo kombe halikuziba pengo la hesabu. Larry Smith, aliyewahi kuichezea Montreal, alipokabidhiwa ukamishna mwaka 1992, alikuta timu nane ambazo kadhaa hazikuwa na uhakika wa kumaliza mwaka. Wakati huohuo Ligi ya Dunia ya Futiboli ya Marekani ilikuwa imesimamishwa, ikaacha Sacramento na San Antonio wenye timu wasiokuwa na ligi. CFL ilizikaribisha zote mbili, lakini San Antonio ilijitoa kabla ya kuanza. Sacramento, chini ya mmiliki wake Fred Anderson, ikaingia peke yake mwaka 1993.

Kila mgeni alilipa ada ya kiingilio iliyotajwa kuwa dola milioni 3, na ada hiyo ndiyo iliyowapumzisha wenyeji. Hapa ndipo kosa la msingi lilipofanyika. Ligi inayoishi kwa viingilio vya wageni hulazimika kuendelea kupokea wageni, na mwenye fedha mkononi hukubaliwa kabla ya kuulizwa kama mji wake unautaka mchezo.

Las Vegas ilionyesha hatari hiyo mapema. Timu yake ilianza mwaka 1994 katika joto la jangwani, kwenye mji ambao mtu ana mambo mia ya kufanya jioni. Mchezo wake wa mwisho nyumbani ulitazamwa na watu 2,350, na uliokuwa umebaki kwenye ratiba ya nyumbani ukahamishiwa Edmonton. Timu ikafa baada ya msimu mmoja. Kitu kimoja chema kilitoka hapo: kijana Anthony Calvillo, aliyeanzia Las Vegas, akaja kuwa mrushaji mwenye yadi nyingi kuliko wote katika historia ya futiboli ya kulipwa ya wakati wake.

Birmingham, katika jimbo la Alabama, ilikufa kwa sababu nyingine, nayo inafundisha zaidi. Mwaka 1995 mchezo wake wa kwanza nyumbani ulivuta watazamaji zaidi ya 30,000. Kisha Septemba ikafika. Kusini mwa Marekani, Ijumaa usiku ni ya timu za shule za sekondari na Jumamosi ni ya vyuo vikuu. Timu za vyuo vya Alabama na Auburn zinapocheza, jimbo zima husimama. Jumapili ni ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Ligi ya Kanada haikuwa na siku yake. Majukwaa yaliyojaa Julai yakabaki na watu elfu chache mwezi Oktoba, na hakuna tangazo wala punguzo la tiketi lililoweza kubadili kalenda ambayo watu walizaliwa wakaikuta.

Viwanja navyo havikutosha. Alamodome ya San Antonio, ambako timu ya Sacramento ilihamia mwaka 1995, iliweza kubeba upana wa Kikanada. Katika baadhi ya viwanja vingine ilibidi kukata. Huko Memphis, kwenye uwanja wa Liberty Bowl, maeneo ya kufungia yalifupishwa na pembe zake kukatwa ili mistari ienee ndani ya kuta. Mchezo ambao fahari yake ni nafasi ulichezwa bila nafasi.

Baltimore ndiyo hoja kubwa ya wanaounga mkono upanuzi, na inastahili kutazamwa kwa makini. Mji huo ulinyang'anywa timu yake ya Colts usiku wa Machi 1984, malori yalipobeba kila kitu kwenda Indianapolis. Mwaka 1993 NFL ilipoongeza timu mbili, ilizichagua Carolina na Jacksonville, na Baltimore ikaachwa. Jim Speros alipoleta timu ya CFL mwaka 1994 na kuiita Colts, watu walijaa kwenye Memorial Stadium: wastani wa watazamaji ulikuwa kama 37,000, zaidi ya timu nyingi za Kanada. NFL ilikwenda mahakamani na kupata amri ya zuio dhidi ya jina hilo, na timu ikacheza msimu mzima bila jina rasmi.

Kocha Don Matthews aliijenga vizuri. Ilifika fainali katika msimu wake wa kwanza, ikafungwa 26 kwa 23 mjini Vancouver na BC Lions, kwa mpira wa mguu uliopigwa na Lui Passaglia katika tukio la mwisho la mchezo. Mwaka uliofuata, sasa ikiitwa Stallions, ilishinda michezo 15 kati ya 18, ikaifunga Calgary 37 kwa 20 mjini Regina na kuwa timu pekee ya Marekani iliyowahi kutwaa Kombe la Grey. Lakini kabla hata ya fainali hiyo, Novemba 1995, Art Modell alikuwa ametangaza kuihamishia Baltimore timu yake ya NFL kutoka Cleveland. Mapenzi ya mji yaligeuka siku hiyohiyo. Mabingwa wakafunga virago kwenda Montreal, ambako wako hadi leo kwa jina la Alouettes.

Kwa hiyo Baltimore haikuthibitisha kwamba Wamarekani wanaitaka futiboli ya Kanada. Ilithibitisha kwamba mji wenye njaa ya NFL hukubali mbadala hadi NFL yenyewe ifike, na kwamba majukwaa yaliyojaa ndiyo tangazo bora la kuiita. Mji mbaya hukosesha watazamaji. Mji mzuri humvuta mwenye nguvu zaidi. Hakuna mpango wa upanuzi uliowahi kutoa jibu la mtego huo.

Kulikuwa na jeraha jingine, ambalo Wakanada wengi waliliona zito kuliko fedha. Kila timu ya Kanada ililazimika kuwa na idadi maalumu ya wachezaji wazawa, kanuni inayompa kijana wa chuo cha Saskatchewan au Ontario mahali pa kucheza kwa malipo. Timu za Marekani hazikufungwa na kanuni hiyo, kwa kuwa sheria za kazi za nchi yao haziruhusu kuajiri kwa misingi ya uraia kwa namna hiyo, zikajaza vikosi vyao Wamarekani watupu. Ushindani ukawa na mizani mbili. Kama ligi ingefikia timu nyingi kusini kuliko kaskazini, kanuni ya wazawa isingedumu. Serikali ya Kanada ilikwisha kuihofia hatari kama hiyo mwaka 1974, waziri Marc Lalonde alipopeleka bungeni muswada wa kuzuia ligi ya Marekani kuweka timu Toronto. Muswada haukupitishwa, lakini timu hiyo ilihamia Memphis kabla ya kucheza.

Baada ya msimu wa 1995, Birmingham, Memphis, Shreveport na San Antonio zilifungwa. Ottawa, moja ya timu za kale kabisa, ilivunjika baada ya msimu wa 1996, na mwaka 1997 CFL ilipokea mkopo wa dola milioni 3 kutoka NFL. Upanuzi uliokusudiwa kuiokoa ligi uliiacha ikikopa kwa jirani yake.

Swali limerudi mara mbili karibuni. Mwaka 2021, baada ya msimu mzima wa 2020 kufutwa kwa sababu ya korona, CFL ilizungumza na XFL ya Marekani kwa miezi kadhaa; mazungumzo yaliisha Julai bila makubaliano. Septemba 2025 kamishna Stewart Johnston alitangaza kwamba kuanzia 2027 eneo la kuchezea litapunguzwa hadi yadi 100 na maeneo ya kufungia hadi yadi 15. Uongozi ulisema lengo ni kuongeza mabao, na kwamba majaribio matatu, wachezaji 12 na upana wa yadi 65 vitabaki. Wapenzi wengi waliona urefu wa Kimarekani na wakashtuka. Hofu yao inaeleweka, ingawa upana huohuo bado unavifungia nje viwanja vingi vya Marekani.

Hoja ya kupanua si ya kipuuzi. Kanada ina watu takribani milioni 40, na timu tisa haziwezi kukua bila kikomo. Lakini ligi za Wamarekani wenyewe zilizojaribu kukaa pembeni mwa NFL, kuanzia USFL ya 1983 hadi 1985 mpaka AAF iliyokufa katikati ya msimu wake wa kwanza mwaka 2019, zilikuwa na viwanja, kanuni na wachezaji wa kwao, na bado hazikudumu. Ligi ya kigeni ambayo mwaka 2024 bajeti yake ya wachezaji ilikuwa dola za Kanada zipatazo milioni 5.5 kwa timu, mbele ya NFL iliyoruhusu zaidi ya dola milioni 250, haiendi huko ikiwa na silaha bora kuliko hizo.

Mahali pa timu ya kumi panajulikana. Mikoa ya Atlantiki imeisubiri tangu 1982, Halifax ilipoahidiwa timu na kuikosa kwa kukosa uwanja. Fedha na juhudi zinazofikiriwa kwa Marekani zingejenga uwanja huo, na Wamarekani wanaoupenda mchezo wangeendelea kuutazama kwenye televisheni. CFL haipaswi kupeleka timu Marekani.