Zawadi za Krismasi: Mtu Hujikuna Ajipatapo

Desemba inapoingia, wazazi wengi wa Nairobi huanza kuumwa na kichwa. Watoto wanadai nguo, viatu na midoli ya madukani. Wenye matatu nao hupandisha nauli za kwenda mashambani.

Zamani zawadi ya Krismasi ilijulikana: nguo moja mpya ya kwendea kanisani, kisha chapati, nyama na soda. Nguo ile haikuwa anasa. Ilivaliwa Jumapili mwaka mzima, na mzazi aliinunua kubwa kidogo ili isimbane mtoto upesi. Vitu vya kuchezea watoto walijitengenezea wenyewe: gari la waya, mpira wa matambara.

Siku hizi jirani akimnunulia mwanawe baiskeli, nawe waona haya usipofanya vivyo hivyo, hata kwa kukopa kwa simu. Lakini shule hufunguliwa siku chache tu baada ya mwaka mpya. Mtoto aliyechekelea gari la betri aweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Basi kiasi gani chafaa? Tenga kwanza karo na sare, kisha nauli, ndipo zawadi itoke katika baki. Kama baki yatosha shati la mtumba wa Gikomba, lifuliwe, lipigwe pasi, mtoto avae. Aliye mkubwa aelezwe hali ya mfuko bila kufichwa. Huko nako ni kumlea. Deni la kumfurahisha jirani si zawadi kwa mtoto.