Paa Kwanza, Sola Baadaye
Ndugu zetu wa Visiwani wanaohamia Dodoma kikazi hudhani kwamba, maadam jua lipo, kilichobaki ni kununua paneli za sola tu. La hasha! Kwanza likaguliwe paa. Kenchi zilizoliwa na mchwa hazitahimili mzigo wa miaka 20; na tembe la Wagogo, lenye paa la udongo, lisitwikwe kamwe: paneli zisimikwe kwenye nguzo.

Pili, Dodoma na Unguja zote zi kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 6 hivi. Basi paneli zielekezwe kaskazini, zikiinama kidogo ili mvua izioshe. Visiwani adui ni chumvi. Huku ni vumbi la kiangazi.

Nao maofisa wasiidhinishe sola ya zahanati kabla fundi hajapanda darini. Fedha hizo ni jasho la wananchi.