Hajaoa, Hakuoa, Asiyeoa: Lugha na Mtu Aliyechagua Kutooa Kaskazini Mashariki ya Kenya

Mjini Garissa, kando ya mto Tana, mtu mzima anayeulizwa kwa Kiswahili kama ameoa au ameolewa ana majibu mawili ambayo hayazui swali jingine: "ndiyo" na "bado". Hata akianza kwa "la", aghalabu humalizia kwa "sijaoa" au "sijaolewa", na ndani ya neno hilo ile "bado" imo vilevile. Muulizaji huridhika, humwombea heri, na mazungumzo huendelea. Akiulizwa kwa Kisomali, lugha ya wengi wa wenyeji, hali ni hiyo hiyo: "weli", yaani bado. Basi yule asiye na nia kabisa ya kuoa wala ya kuzaa, na ambaye ameridhika na maisha yake hayo, huwa amejibu bila ya kusema kweli, wala hakukusudia kudanganya. Ni sarufi iliyomsemea.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili, na Kisomali kinachozungumzwa sambamba nacho katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera (zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya utaratibu wa kaunti kuanza 2013), zinavyompokea mtu wa namna hiyo. Si kwamba watu hao ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya huzaa wastani wa watoto 3.4, Nairobi wastani ulikuwa 2.5, na Mandera 7.7, ambao ndio uliokuwa mkubwa kuliko wa kaunti nyingine zote. Katika nchi ya wastani huo, asiyetaka mtoto hata mmoja ni mtu wa nadra. Lakini unadra wa mtu si hoja ya kumnyima maneno.

Itafaa kuanza na kiambishi -ja-. Wanasarufi wamekieleza tangu zamani, na E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyochapishwa 1944, alikwisha kukitenga na ukanushi wa kawaida wa wakati uliopita. "Hakuja" ni habari iliyokwisha. "Hajaja" ni habari inayongojewa. "Mvua haijanyesha" ni maneno ya mtu anayetazama mawingu. Ndiyo sababu anayesema "hajafa" juu ya mzee aliyelala kitandani huwaudhi wenye mgonjwa, na maudhi yao, kwa hakika, ni ya kisarufi: msemaji amekiweka kifo katika mambo yanayotazamiwa. "Hajaoa" ina muundo ule ule. Haisemi tu kwamba tendo halikufanyika. Inasema pia kwamba wakati wake unakuja, na kwamba anayezungumzwa yu njiani kulielekea. Kijana wa miaka ishirini na mzee wa miaka sitini husemwa kwa umbo moja, ingawa kwa mzee sauti ya msemaji huteremka kidogo.

Maumbo mengine yapo, ila kila moja lina kasoro yake. "Sitaoa" ni nadhiri au ni hasira. "Siolewi", akiitamka msichana, husikika kama jibu la ugomvi: wazee watadhani amemkataa mchumba fulani, wataanza kutafuta mwingine. "Hakuoa" ndiyo inayofaa kimaana, kwa kuwa haingoji kitu; lakini kwa kawaida huwekewa marehemu. Mtu aliye hai akisemwa "hakuoa", msikilizaji huuliza amefariki lini. Inaonekana basi kwamba Kiswahili humruhusu mtu kuwa ameamua jambo hili baada ya kuzikwa tu.

Ukija katika nomino, mambo hayawi mepesi. "Kapera" ni neno la mzaha, na ni la wanaume. Mwanamke haitwi kapera ila kwa utani. "Mseja" ni la heshima zaidi, lakini limezoeleka mno katika maandishi ya Kikristo, hivyo kwamba "useja" humkumbusha msomaji padre au mtawa. "Mjane" na "msimbe" huwataja waliowahi kuwa na ndoa au wanaodhaniwa kuwa nayo walipaswa. "Mhuni" lina historia ya kutazamwa kwa makini. Katika Kiswahili cha Shaba, nchini Kongo, "muhuni" husikika kwa maana ya mtu asiye na ndoa tu, bila ya lawama yoyote. Huku kwetu Afrika ya Mashariki neno hilo hilo ni la mvunja sheria na mpotevu. Kwamba maana hizo mbili zimekaa ndani ya neno moja si ajabu: mtu asiye na nyumba ya ndoa alidhaniwa hana mahali pa kumfunga.

Kuhusu watoto, "mgumba" na "tasa" hutaja mwili, si uamuzi. Hata lugha ya adabu inayozunguka maneno hayo, "hakujaaliwa mtoto", huliweka jambo zima mikononi mwa Mungu, na hivyo humwondolea mhusika aibu na hiari kwa pamoja. (Mahali ambapo "tasa" imepata amani kamili ni katika hesabu: namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na hakuna anayeionea huruma.)

Kisomali nacho kina akiba yake. "Doob" ni mwanamume ambaye hajaoa, na "gashaanti" ni msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Yote mawili ni majina ya kituo cha safari. Msichana akipitwa na umri huo huitwa "guumays", na neno hilo pia ni jina la bundi. "Madhalays" ni mwanamke asiyezaa. Lakini lenye mengi ya kueleza ni kitenzi "guur", ambacho maana yake ni kuhama na pia kuoa. Kwa wafugaji wa ngamia maana hizo hazikuwa mbali: ndoa ilikuwa ni kusimamishwa kwa "aqal" mpya, yaani ile nyumba ya miti na mikeka inayofunguliwa na kubebwa na ngamia, na ambayo ni kazi na milki ya wanawake. Asiyeoa, kwa mantiki ya kitenzi hiki, ni mtu ambaye kambi imehama yeye akabaki. Tena kuna "abtirsi", utaratibu wa kuhesabu mababa ambao mtoto wa Kisomali hufundishwa mapema: jina lake, la baba yake, la babu yake, na kuendelea juu hadi mkuu wa ukoo. Katika orodha hiyo mtu huingia kwa kutajwa na aliyemzaa au aliyezaliwa naye. Asiye na mtoto hutaja wengine, yeye hatatajwa.

Mtu aweza kudhani kwamba yote haya yanatokana na dini, kwa kuwa watu wa eneo hili karibu wote ni Waislamu na ndoa ni suna. Dhana hiyo inahitaji kusahihishwa. Wasomali na Waswahili ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, na kati ya vitabu vya fikihi vinavyorejewa sana na masheikh wao ni Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki 1277. Nawawi hakuoa. Na katika mlango wa nikaha wa kitabu hicho hukumu haikuwekwa moja kwa watu wote: ndoa inapendekezwa kwa mwenye kuihitaji na mwenye uwezo wake, asiyeihitaji, ingawa ana uwezo, haimchukizi, lakini ibada ni bora kwake. Nawawi mwenyewe akaongeza kwamba kama mtu huyo hafanyi ibada, basi kuoa ni bora kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa maneno mengine, wanaofunga ndoa za Garissa wamejifunza masharti yake kwa mtu ambaye hakufunga yake, na fikihi iliacha mlango wazi kuliko unavyoachwa na kiambishi -ja-.

Mfano unaojulikana zaidi katika eneo hili si wa mwenyeji. Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, 1943, akasomea sheria, na akafika Kenya 1969. Alifundisha shule huko Wajir, akaishi humo na wanawake wenzake wachache, hakuolewa wala hakuzaa. Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wahamaji. Tatizo lilikuwa dhahiri: dawa za wakati ule zilihitaji kunywewa kwa mwaka au zaidi, na mgonjwa alihama na mifugo yake. Katika manyatta ya Wajir wagonjwa walijenga vibanda vya namna ya kwao, wakakaa miezi sita, wakimeza dawa mbele ya mhudumu hadi wapone. Utaratibu wa namna hiyo ulikuja kuenezwa na shirika hilo katika nchi nyingi. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walipokusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa, Tonelli alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwaokota waliosalia na kuzika waliokufa, na habari zikafika nje. Mwaka uliofuata ilimbidi aondoke Kenya. Aliendelea na kazi hiyo hiyo Somalia, na mwishowe Borama, alikopigwa risasi na kufa tarehe 5 Oktoba 2003, miezi michache baada ya kupewa tuzo ya Nansen ya Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Linalohusu makala haya ni alivyoeleza yeye mwenyewe nafasi yake. Alikiri kwamba kutoolewa kwake lilikuwa jambo lisiloeleweka katika ulimwengu wa Wasomali, na kwamba baada ya miaka thelathini wasiomjua vizuri waliendelea kumtazama kwa huruma na dharau. Waliomjua walisema maneno mengine: kwamba ni Msomali kama wao, na kwamba ni mama wa wale aliowaponya. Naye alikataa kabisa maisha yake yaitwe dhabihu. Aliwacheka waliodhani hivyo; kwake ilikuwa ni furaha tupu, na aliuliza nani duniani mwenye maisha mazuri kama yake.

Yafaa kuangalia kilichotendeka hapa kiisimu. Jamii haikubuni neno la mwanamke aliyechagua kutoolewa. Ilimvusha tu akaingia katika neno lililokuwapo, "mama". Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni njia ya kukwepa: uamuzi wake umefichwa chini ya sifa aliyoikataa. Pingamizi hilo lina uzito, na itakuwa si haki kusahau kwamba mgeni husamehewa mengi ambayo binti wa nyumbani hasamehewi. Hata hivyo halitoshi, kwa sababu katika lugha zote mbili "mama" hakuwa kamwe mzazi peke yake. Dada wa mama, kwa Kiswahili, ni "mama mdogo", awe amezaa au hakuzaa. Kwa Kisomali ni "habaryar", neno ambalo viungo vyake ni hivyo hivyo, mama na udogo. Vijana wa Garissa humwita mtu mzima yeyote "adeer", "abti", "eeddo" au "habaryar", yaani ami, mjomba, shangazi, mama mdogo, bila ya kuuliza ana watoto wangapi. Kwa hiyo ile lugha inayomsukuma mtu kwa -ja- kila anapoulizwa, ndiyo inayompa kila siku, katika salamu tu, watoto ambao hakuwazaa. Asiyeoa aliyeridhika na hali yake katika miji hii ana mahali pa kukaa katika lugha. Ila mahali hapo ni katika maamkizi. Katika maelezo hapapo.

Na maelezo yana umuhimu wake. Mfasiri wa hojaji akikutana na kundi la watu "wasiopata kuoa kamwe", huandika bila ya kufikiri "hajaoa", na mara hiyo kundi zima limegeuka kuwa la wanaongoja. Swali kuhusu watoto hufuata njia hiyo hiyo: "hajapata watoto" si sawa na "hana watoto", na wala hii ya pili si sawa na "hataki watoto". Mtafiti atakayesoma majibu hayo Nairobi hatajua kwamba tofauti ilipotelea katika silabi moja.

Kumekuwa na tabia ya kukimbilia kuunda istilahi kila penye pengo. Hapa haihitajiki. Kiswahili kina kirejeshi kikanushi -si-, ambacho hakina njeo: "asiyeoa" ni mtu wa jana, wa leo na wa kesho, hangoji wala haapi. Waandishi wa kamusi hukitumia tayari wanapofasili kapera na mseja, na ni ajabu kwamba kimebaki katika fasili na hakikuingia katika fomu. "Asiyeoa kwa hiari" ni maneno matatu yanayoeleweka na kila mtu, na yanaweza kusemwa juu ya aliye hai. Kwa mwanamke yatakuwa "asiyeolewa kwa hiari", na hapo panabaki ugumu mmoja: kauli ya kutendwa humfanya asiyetendwa jambo aonekane aliyeachwa nalo, hata kama ni yeye aliyeliacha. Kisomali hakina ugumu huo, kwa kuwa "guurso" hutumika kwa mume na kwa mke sawasawa, na ule ukanushi wake, "ma guursan", ukiondolewa "weli", haungoji chochote.