Je, Wajua? Seva Mbili, Poti Moja

Je, wajua kwamba Eldas ina nambari yake? Katika orodha ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, eneobunge hilo la Kaunti ya Wajir ni 037. Kwenye kompyuta nako kuna poti, yaani nambari ya mlango ambao programu husikiliza mtandaoni, na poti 37 ilitengewa itifaki ya saa iliyoandikwa mwaka 1983: ukiibishia hodi, inakutajia sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1900, kisha inafunga mazungumzo. Hesabu yake itajaa Februari 2036 na kurudi sifuri.

Je, wajua kwamba kabla ya uchaguzi wa 2013, Eldas ilikuwa ndani ya Wajir Magharibi? Mipaka ilichorwa upya 2012, maeneobunge yakapanda kutoka 210 hadi 290, na kila moja likapewa nambari isiyo ya mwenzake. Poti nazo ni vivyo hivyo. Kwa kawaida, kwenye anwani moja ya IP, poti moja husikilizwa na seva moja tu. Anayechelewa hukataliwa kwa ujumbe kwamba anwani tayari inatumika, na kwenye Linux kosa hilo ni nambari 98.

Si kwamba nafasi ni haba. Poti zinaanzia 0 hadi 65,535, na kati ya itifaki mbili za mawasiliano, TCP ina zake, UDP ina zake. Ndiyo maana 443 inaweza kutumiwa kwa TCP na kwa UDP wakati mmoja bila ugomvi wowote.

Je, wajua kwa nini huandiki 80 mwishoni mwa anwani ya tovuti? Kivinjari hujiongezea chenyewe. Nambari hiyo imo kama poti ya wavuti katika orodha ya Joyce Reynolds na Jon Postel ya Julai 1992.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya OpenMRS, na OpenMRS huendeshwa na seva ya Tomcat. Tomcat ikisakinishwa tu, husikiliza 8080. Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti na hivyo kufaa sana mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, nayo huchagua 8080. Tuseme kituo cha afya Eldas kina kompyuta moja ya Ubuntu, na mtu akaziweka zote mbili humo. Leo rekodi zinafunguka, masomo hayafunguki. Usiku umeme unakatika. Ukirudi, Kolibri inawahi kuamka, na asubuhi karani anakuta masomo ya hesabu mahali pa faili za wagonjwa. Hapo ndipo watu husema kompyuta ina virusi. Haina. Mwenye kuwahi ndiye mwenye nambari, basi.

Je, wajua kwamba aliyeshika poti hufichuliwa kwa amri moja? Kwenye Linux andika sudo ss -ltnp, kwenye Windows netstat -ano. Utaona poti na nambari ya programu inayoikalia. Ukikuta 80 imeshikwa na nambari 4 kwenye Windows, usihangaike kuiua: hiyo ni Windows yenyewe, mara nyingi kwa niaba ya IIS, seva yake ya wavuti. Skype za zamani nazo zilizoea kukalia 80 na 443, zikawasumbua sana wanafunzi waliokuwa wakijifunza kutengeneza tovuti kwa XAMPP.

Dawa ya haraka ni kumhamisha mmoja. Kolibri inakubali kolibri start --port=8081, Tomcat hubadilishwa ndani ya server.xml, Apache kwenye mstari wa Listen. Kwa maoni yangu ahamishwe mgeni, hasa pale ambapo wauguzi wameshahifadhi anwani ya zamani kwenye vivinjari vyao. Kuzima moja kila unapotaka nyingine si suluhisho, ni zamu ya mateso.

Dawa bora zaidi haimhitaji mtumiaji kukariri nambari yoyote. Nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, inashika 80 peke yake, inasoma jina la tovuti lililoombwa, kisha inapeleka ombi 8080 au 8081 kwa siri. Hilo linawezekana kwa sababu HTTP 1.1, iliyochapishwa Januari 1997, ilimlazimu kila mwombaji kutaja jina la tovuti anayoitaka. Kabla ya hapo, tovuti mbili kwa kawaida zilidai anwani mbili za IP. Njia hiyo bado ipo: kompyuta yenye IP mbili inaweza kuwa na seva mbili kwenye 80, mradi kila moja iambiwe isikilize anwani yake na si zote.

Je, wajua kwamba kwenye Linux poti zilizo chini ya 1024 huhitaji ruhusa maalum? Seva ikikataa 80 lakini ikakubali 8080, soma ujumbe wa kosa kabla ya kumsaka mpinzani. Huenda hayupo.

Na wenye Mac: tangu toleo la Monterey la 2021, poti 5000 hukaliwa na AirPlay. Flask, zana ya kutengeneza programu za wavuti, nayo huitaka hiyohiyo. Zima kipokezi cha AirPlay kwenye mipangilio, au mpe Flask 5001.