Kamera Katika Banda la Ng'ombe

Leo tuzungumze juu ya kamera inayofungwa bandani na kukuonyesha mifugo yako kwenye simu kwa njia ya intaneti.

Labda utauliza, "Ng'ombe naye wa kutazamwa kwenye simu?" Ngoja kwanza. Wewe unayefuga ndani ng'ombe wa maziwa, uwe Hai, Lushoto au Rungwe, unaijua hasara ya mtamba anayezaa peke yake usiku wa manane. Ndama amekaa vibaya tumboni, mama anahangaika mpaka anachoka, na asubuhi unakuta umepoteza ndama, pengine na mama yake. Miezi tisa ya kukata majani imekwenda bure.

Basi, kabla ya kutoa fedha, jipime. Ikiwa banda lako liko nyuma ya nyumba, tochi na miguu yako vinatosha. Kamera inamfaa aliye na banda la mbali, au anayemwachia mtu mwingine mifugo yake.

Sasa tuje kwenye kuifunga. Chagua kamera inayoona gizani. Hiyo hutoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, na picha za usiku huwa nyeusi na nyeupe. Penye umeme mwite fundi. Pasipo na umeme tumia ya sola, ukikumbuka kwamba siku za mawingu betri hujaa kidogo. Kama nyumbani huna intaneti, nunua inayotumia laini ya simu, lakini pima kwanza mtandao ukiwa umesimama palepale bandani.

Ifunge kwenye kona, juu, ng'ombe asipofikia kwa ulimi wala pembe. Waya upite ndani ya bomba, maana panya hawana simile. Kioo kifute kila wiki kwa kitambaa laini, kwani vumbi hukitia ukungu na buibui hupenda kutanda mbele yake. Macho hayana pazia, kwa hiyo usiielekeze kwa jirani, na anayekutunzia mifugo mwambie kuwa ipo. Badilisha pia neno la siri lililotoka dukani, ili mtu mwingine asichungulie banda lako.

Tena, usiiache simu ikionyesha picha usiku kucha. Saa moja tu inaweza kula megabaiti mia kadhaa, na bando litakwisha kabla ndama hajazaliwa. Tazama dakika chache, kisha funga.

Je, utajuaje usiku wa kutazama? Hapo ndipo penye daftari. Ng'ombe hubeba mimba kwa wastani wa siku 283. Aliyepandwa tarehe 1 Machi, mtegemee karibu na tarehe 9 Desemba. Anza kumchungulia wiki mbili kabla. Ukiona kiwele kimejaa, amejitenga, analala na kuinuka, na mkia ameuinua, usilale tena.

Chupa ikishatokea, hesabu saa. Ikipita saa moja bila maendeleo yoyote, mwite daktari wa mifugo. Nenda na taa uangalie: kwa kawaida hutangulia kwato mbili za mbele, nyayo zikitazama chini, na pua juu yake. Ukiona mkia, au mguu mmoja tu, usivute kwa nguvu. Mwite mtaalamu mara moja.

Ndugu mfugaji, kamera huona tu, haina mikono. Ukiwa mjini na ng'ombe yuko kijijini, utashuhudia hasara badala ya kuizuia. Kwa hiyo, kabla ya kununua kamera, tafuta mtu wa karibu atakayefika bandani ukimpigia usiku, na uwe na namba ya Bwana Mifugo. Hapo kamera itakuwa imefanya kazi yake.