Chipa ya kukata matawi: Usiulize inameza nini, uliza inasimamaje

IKIWA unaishi katika mtaa wenye miti ya zamani, kama vile Lavington, Kileleshwa au Woodley jijini Nairobi, bila shaka wajua kinachofuata usiku wa mvua na upepo mkali. Asubuhi mkaratusi umelalia ua, tawi la jakaranda limeziba lango, na kamati ya wakazi inahangaika kumtafuta mkata miti.

Zamani mtu huyo angekuja na panga, kamba na msumeno wa petroli, kisha matawi yapakiwe kwenye lori. Siku hizi wapo wanaokuja wakivuta nyuma ya pikapu mashine ya kukatakata matawi, ambayo wengi huiita chipa. Rundo lililojaza ua hugeuka vipande vidogo vya kutandaza bustanini kabla ya chakula cha mchana.

Mashine hii ina faida nyingi, lakini haimtambui binadamu. Nchini Marekani, takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu 31 waliuawa na chipa wakiwa kazini kati ya 1992 na 2002. Wapo waliovutwa ndani, na wapo waliopigwa na mashine yenyewe au vitu vilivyorushwa nayo. Hapa kwetu jamaa yake wa karibu ni mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, na madhara yake yajulikana. Januari 2018 madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta walimuunganishia tena kijana mmoja mkono uliokuwa umekatwa na mashine ya aina hiyo.

Basi ikiwa wewe ni mwanakandarasi unayetaka kununua chipa, au mkazi unayemwajiri mwenye nayo, usikubali kusifiwa tu unene wa gogo inayoweza kumeza. Uliza kwanza vile itakavyosimama mtu akishikwa.

SAHANI AU NGOMA?

Chipa za biashara ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ina sahani nzito ya chuma iliyofungwa visu usoni. Hutoa vipande vinavyolingana na haihitaji injini kubwa mno. Kasoro yake ni kwamba mdomo wake mara nyingi ni mwembamba, hivyo matawi yenye panda ni lazima yapunguzwe kwanza kwa msumeno.

Ya pili ina ngoma ya chuma yenye visu kuizunguka. Mdomo wake ni mpana na hukubali matawi yaliyotanuka. Hata hivyo huhitaji nguvu zaidi, na ni nzito kuvuta.

Kwa upande wa afya, mdomo mpana una heri yake. Tawi likikwama katika mdomo mwembamba, kibarua hushawishika kulisukuma kwa mkono au, vibaya zaidi, kwa mguu. Jihadhari, lakini, na ngoma za zamani zisizo na rola za kuingiza matawi. Hizo visu vyenyewe ndivyo huvuta, na tawi huingia kwa kishindo likimchapa aliyelishika.

ROLA NA UPAU

Mashine za kisasa zina rola zinazoshika tawi na kulipeleka kwenye visu. Nyingi huvuta kati ya mita 20 na 35 kwa dakika. Hebu piga hesabu: mita 30 kwa dakika ni nusu mita kwa sekunde. Mkono wa mtu mzima, toka vidole hadi bega, waweza kumalizika kabla hajahesabu mbili. Hakuna mwenzako atakayekimbia kuzima injini kwa muda huo.

Ndiyo sababu upau wa kusimamisha rola, ambao aghalabu huwa mwekundu, ni muhimu kuliko ukubwa wa injini. Upau mzuri umezunguka mdomo wa mashine, na anayevutwa huugusa kwa paja au kiuno hata kama mikono yake yote imeshikwa. Ule unaohitaji kuvutwa kwa mkono, tena ulio juu, humsaidia tu aliye salama.

Tazama pia urefu wa mdomo wenyewe. Simama mahali pa kazi mashine ikiwa imezimwa, kisha unyooshe mkono ndani. Vidole vyako vikigusa rola, iache mashine hiyo hata kama bei ni ya kutupa.

KELELE NA VUMBI

Hatari nyingine haziui papo hapo. Mlio wa chipa ikitafuna gogo mara nyingi hupita desibeli 100. Sheria ya Kenya ya mwaka 2005 kuhusu kelele kazini hairuhusu mfanyakazi kukaa kwenye wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani ni wakali zaidi: wao hushauri 85 kwa saa nane, na kila ikiongezeka desibeli tatu, muda upunguzwe nusu. Kwa kipimo hicho, desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku. Pamba masikioni haitoshi. Nunua vikinga masikio halisi, na wafanyakazi wakubaliane ishara za mikono kwa sababu hawatasikizana.

Kuhusu vumbi, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa dizeli uliwekwa katika daraja hilo hilo mwaka 2012. Matawi mabichi hutoa vumbi kidogo kuliko makavu, na visu vikali hutoa kidogo kuliko butu. Mwulize mwenye mashine alivinoa lini. Kadhalika, iwekwe mahali ambapo upepo unapeleka moshi mbali na watu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Ua wa mnyaa, wenye utomvu mweupe, usiingizwe kwenye chipa. Utomvu huo huunguza macho vibaya, na mashine itaurusha kila upande.

MASHINE KUUKUU

Wengi watanunua iliyokwisha kutumika ng'ambo. Si kosa, ila ikague. Iwashe, uugonge upau kwa paja na uone kama rola zinasimama mara moja. Jaribu kuzirudisha nyuma. Hakikisha kifuniko cha visu kina kufuli lake, na kwamba hakuna aliyefunga upau kwa waya ili “kazi iende haraka”. Ikiwa huendeshwa na trakta, mhimili unaozunguka lazima uwe na kifuniko kizima.

Kumbuka pia kwamba sahani au ngoma huendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kuzimwa. Kufungua kifuniko kabla haijatulia kabisa kumewagharimu watu maisha.

UKIWA MWAJIRI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuziba sehemu hatari za mashine na kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Wasisimame wawili wawili mdomoni. Wasivae glavu zenye mikono mipana, shanga wala nguo zinazoning'inia. Watoto na wapita njia wakae mbali.

Iwapo ajali itatokea, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kulegeza. Kiungo kilichokatika kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uuweke ndani ya maji yenye barafu. Barafu isikiguse kiungo chenyewe. Mpeleke majeruhi hospitali kubwa bila kukawia.

Kesho asubuhi, pikapu ikiingia langoni kwako na chipa nyuma yake, usione haya. Kabla tawi la kwanza halijaingizwa, mwambie mwenyewe auguse upau kwa paja lake huku nawe ukitazama. Rola zisiposimama, mwombe arudi na panga.