Mtaa wa maduka

Mtaa wa maduka ni barabara ya mjini yenye maduka pande zote mbili, ambayo watu huitumia kununua na kuuza, na pia kupita, kukutana na kupumzika. Hapa neno "mtaa" halimaanishi ngazi ya serikali za mitaa nchini Tanzania, bali barabara pamoja na majengo yake. Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, ubora wa mtaa wa maduka hutegemea hasa jinsi nafasi iliyo kati ya mlango wa duka na barabara inavyogawanywa.

Historia

Mji wa Shinyanga ulikua kando ya reli ya Tabora–Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, kwa biashara ya pamba na mifugo. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, iliongeza wateja. Kahama na Geita zilipanuka kwa kasi kutokana na dhahabu: mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, mwaka 2009.

Kivuli na njia ya miguu

Eneo la Shinyanga lina jua kali na kiangazi kirefu. Kwa hiyo kibaraza chenye paa mbele ya duka kina faida kubwa: humkinga mteja na jua au mvua, na humpa fundi cherehani mahali pa kazi. Vibaraza vikiungana, mtu huweza kutembea kivulini kutoka duka hadi duka. Vikitofautiana kimo au vikijazwa bidhaa, mpita njia hulazimika kushuka barabarani, katikati ya bodaboda, bajaji na baiskeli. Mitaro isiyofunikwa ni hatari zaidi kwa wazee, watoto na wasioona. Miti ya kivuli kama mwarobaini husaidia pale ambapo hakuna paa.

Wamachinga

Nafasi hiyohiyo ndiyo inayotafutwa na wamachinga, yaani wafanyabiashara wadogo wasio na fremu. Mwenye duka hulalamika kwamba mlango wake unazibwa ilhali yeye hulipa kodi ya pango. Machinga naye hutegemea wapita njia, na akihamishiwa mbali hukosa wateja. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, wamachinga walihamishwa kutoka kando ya barabara katika miji mingi na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Eneo jipya hufaa likiwa karibu na kituo cha mabasi au soko, na likiwa na maji, vyoo na taa.

Mitaa ya miji ya dhahabu

Katika miji ya migodi, fedha huja na kuondoka pamoja na dhahabu. Uzalishaji wa Buzwagi ulisimama mwaka 2021, na wafanyabiashara wa Kahama waliotegemea wafanyakazi wake wakapoteza wateja. Mtaa unaouza pampu na vifaa vya uchimbaji pekee hudhoofika haraka. Ule unaochanganya vyakula, dawa, nguo, mafundi na nyumba za kuishi hubaki na watu hata jioni, na kuwepo kwa watu hao huongeza usalama wa wanaopita.